Babu aligoma kushuka mlimani mpaka anafariki. Wazee hawa huwa wanashikwa na nini?

#1 Mjukuu wa Kidia
Wakuu, habari za jioni.

Mwezi ujao tunajengea kaburi la babu, Old Moshi. Ukoo umenitwisha kazi ya kuandika wasifu utakaosomwa siku ya ibada, eti kwa kuwa mimi ndiye mwenye kompyuta. Kuzaliwa, kipaimara, ndoa, watoto, yote nimeandika. Nimekwama sehemu moja.

Babu aliupenda mlima Kilimanjaro kupita kiasi. Ujanani alibeba mizigo ya wageni njia ya Marangu, baadaye akatulia kwenye kahawa na migomba. Bibi alipofariki, baba zangu wakubwa na wadogo walikaa kikao wakaamua mzee aje Dar. Akapewa chumba Kimara, choo ndani, feni. Hakumaliza hata msimu wa mvua. Kila alfajiri anatoka nje, anatazama juu ya paa la jirani, anauliza, "Leo kumefunika?" Tukadhani akili inayumba, kumbe anatafuta kilele cha Kibo. Mwisho alifunga begi lake, akakaa kwenye ngazi, akatangaza kwamba asiporudishwa atapanda basi mwenyewe. Akarudishwa. Akaishi kule na kijana wa kukata majani ya ng'ombe, baridi ya Julai, utelezi, mguu mbovu, na sijawahi kumwona na furaha vile.

Wenye wazee wa aina hii naomba mchango, hasa mnaotoka milima mingine. Sitaki kuandika "alipenda mazingira" kama ripoti ya mradi.

#2 Konda Mstaafu
Wachaga wameshuka kila kona ya nchi hii wakafungua maduka, halafu unatuambia hawataki kushuka? Babu alikuwa anawahi kuhesabiwa tu, aliona Desemba inachelewa.

#3 Mama Junia
Konda, kuna msiba hapa. Pole sana Mjukuu.

#4 Konda Mstaafu
Pole nimeshampa kimoyomoyo. Mimi Mpare, utani kwenye msiba wa Mchaga ni haki yangu.

#5 Nesi wa Zamani
Pole Mjukuu. Nimefanya kazi ya uuguzi Moshi miaka mingi na jibu langu ni moja: malaria. Ninyi mmekua na vyandarua na dawa mseto, mmesahau. Kizazi cha babu yako kilijua mbu yuko chini, Kahe, Mabogini, huko kwenye mpunga. Mtu wa mlimani alikuwa na shamba lake la mahindi tambarare, anashuka asubuhi kulima, jioni anapanda kulala kwenye kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Hakulala chini. Aliyekulia juu hana kinga aliyonayo mtoto wa Kahe, kwa hiyo akiugua anaugua vibaya. Mtu aliyezika rika lake kwa homa ya tambarare hatastarehe Kimara hata umfungie feni ngapi.

#6 Mtae Juu
Naunga mkono #5. Usambara ni yale yale. Sisi Mtae tuko ukingoni kabisa, ukisimama nyuma ya nyumba unaiona Mkomazi yote chini. Marehemu baba alikuwa akituonyesha kwa fimbo, anasema kule kuna ng'ombe wengi na makaburi mengi. Alifanya kazi ya mkonge Korogwe kipindi fulani, akarudi na homa, hakushuka tena ila kwa harusi.

Ila Nesi, malaria haimalizi maneno. Tulimwomba akae Lushoto mjini kwa dada, ambako ni mlimani vile vile na baridi ipo. Akakataa. Alitaka ukingo wake.

#7 Hewa Safi
Wakuu hii ni sayansi ndogo tu. Juu hewa ni nyembamba, mapafu ya mzee yanapanuka na damu inakuwa nzito. Ukimshusha usawa wa bahari moyo unashindwa. Ndiyo maana wakishushwa wanakufa haraka.

#8 Mita kwa Mita
#7 punguza kidogo. Vihamba vinaishia karibu mita 1,800, na geti la Marangu liko maeneo hayo hayo. Ugonjwa wa mlimani huanza kusumbua wengi kuanzia mita 2,500, tena unampata anayepanda. Kileleni kwenye mita 5,895 ndiko oksijeni inabaki karibu nusu ya ile ya Dar. Mzee wa Old Moshi akishuka Dar anapata hewa nyingi kuliko aliyoizoea.

Kinachomtesa ni joto. Kila mita 1,000 unazoshuka, weka nyuzi 6 hivi za ziada. Sasa mchukue mtu wa sweta Julai, mlaze Kimara Februari chini ya bati.

#9 Hewa Safi
Kwa hiyo inahusu hewa. Asante kwa kuniunga mkono.

#10 Mgumu
Ninyi wa mbu na nyuzi joto hamjabeba. Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo, napiga njia za Machame na Lemosho. Baba yangu alifanya Marangu enzi wazee bado wanaita banda la Mandara "Bismarki" na Horombo "Petas". Siku hizi mzigo mwisho kilo 20 na mizani ipo. Zamani mizani ilikuwa shingo yako.

Mzee aliilaani kazi ile kila aliporudi. Mvua, kulala pangoni, malipo ya njoo kesho. Lakini msimu ukipita hajapanda anakuwa mkali, anagombana mpaka na kuku. Mama anamwambia nenda bwana, nenda juu tupumzike. Kuna mahali msitu unakatika ghafla, unatoka kwenye miti unaingia kwenye majani mafupi, baridi inakupiga usoni, na yote uliyoacha nyumbani, ada, deni, shemeji, huyasikii tena. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Andika kwamba babu alikuwa mgumu. Wanaojua watajua.

#11 Mwika Kwetu
Umenena #10. Na tusimsahau mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyewapandisha Wazungu wa kwanza kufika kileleni, Hans Meyer na Purtscheller, mwaka 1889. Akafariki 1996 akiwa na miaka zaidi ya 120! Mlima unaongeza umri, wazee wanajua, sisi tunakimbilia chipsi mjini.

#12 Mita kwa Mita
Kufariki 1996 sawa, na heshima yake haina ubishi kwangu. Ila umri ule ni wa kusimuliwa. Na Meyer kwenye maandishi yake anasema Oktoba 6 kileleni walifika wawili tu, yeye na Purtscheller. Aliyekaa nao kambi ya juu ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Mtu wa pwani ndiye aliyelala kwenye baridi ile akilinda kambi. Hoja ya damu ya mlimani inachechemea hapo.

#13 Madafu
Pangani tupo, tunasoma. Tunasubiri mgao wetu wa viingilio vya hifadhi.

#14 Mwika Kwetu
Mmelinda hema, hongereni, njia ya kuvuka msitu walijua wa kwetu. Halafu Mjukuu, banda la kwanza juu ya Marangu mkaliita Mandara, mangi (chifu) wenu wa Old Moshi. Babu alikuwa analala nyumba ya ukoo kwenye mlima wa watu hahaha.

#15 Mama Junia
Naomba niseme jambo ambalo akina baba humu hamtalipenda. Mlima wenu ni mtamu ukiwa umekaa chini ya mgomba na mbege, pombe ya ndizi na ulezi, mkononi. Bibi yangu wa Kibosho alikuwa anashuka tambarare kukata majani ya ng'ombe na kuyapandisha kichwani, maana ng'ombe wa kihamba hatoki zizini, chakula kinamfuata. Akifika juu kuna kuni, maji, samadi ya kutandaza kwenye migomba, na kahawa ya kuchuma ambayo kwenye daftari la ushirika ina jina la babu. Alipohamia kwa mama, Tabata, aliipenda ile feni kuliko sisi wajukuu. Krismasi anaenda Kibosho, anasalimia, na Mwaka Mpya ukipita yeye ndiye wa kwanza kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Alizeekea Dar na hakutafuta Kibo juu ya paa la mtu.

Kwa hiyo Mjukuu uliza upya: ni wazee, au ni akina babu?

#16 Konda Mstaafu
Hapa uzi umepata mwenyewe.

#17 Mjukuu wa Kidia
Mama Junia hilo sikuwa nimelifikiria, na shangazi ndiye wa kuulizwa, nitampigia kesho. Bibi alikuwa haongei sana kuhusu mlima. Aliongea kuhusu njia, kwamba njia ni mbaya.

Niongeze kitu. Oktoba 2020 moto ulipowaka kule juu, usiku ulikuwa unaonekana kutoka mbali kabisa. Nilikuwa nyumbani wiki ile. Babu alitoa kiti nje akakaa na blanketi, mguu mbovu ule, anaita majina ya sehemu moja moja moto unapopita. Vijana walikuwa wanapanda kusaidia kuzima, akawa anawaelekeza pa kupata maji. Hakuwa na hofu ya nyumba yake, msitu wenyewe uko mbali na kwetu. Alikuwa na hasira. Yule hakuwa anakimbia mbu, Nesi, samahani mama yangu.

#18 Wa Kahama
Mimi kwetu hakuna mlima, natazama kutoka nje. Babu yako kule alikuwa nani? Bila shaka mzee wa kanisa, mtu wa kuitwa mipaka ikigombaniwa, mtu wa kusema maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, leo yanakwenda kwa nani. Akija Kimara ni mtu wa kuulizwa "babu umekula?" na kuombwa ahamie kiti kingine watoto waone katuni. Mngempeleka Singida angekimbia vile vile. Mzee wangu tulimpeleka Mwanza kwa matibabu, alipopata nafuu akatoroka kurudi Kahama, na Kahama ni tambarare tupu. Mnausingizia mlima mambo ya cheo.

#19 Mtae Juu
#18 hoja nzito. Lakini baba yangu hakuwa na cheo chochote Mtae. Alikuwa na deni na mbuzi.

#20 Kitinda Mimba
Mnazunguka mbuyu. Kwenye kihamba kuna watu. Baba yake babu amezikwa pale, na baba wa yule pale, wamepandiwa masale, mmea wa heshima kwetu. Mzee wa kihamba akiamka anawapita kwenda zizini. Kwa desturi nyumba ya wazazi inabaki kwa kitinda mimba, ndiyo mimi, kaka zangu wakapewa pembeni au wakatafuta mjini. Nikamwambia mzee, enzi zake, tupangishe hapa tuhamie Arusha. Akaniuliza, "Na hawa wengine, utawaambia kodi inalipwa tarehe ngapi?"

Basi nipo hapa hadi leo. Mtandao unakatika, hii naandika nimesimama juu ya jiwe.

#21 Mgumu
Panda Horombo mkuu. TTCL waliweka intaneti mwaka 2022, mita 3,720. Wageni wanapiga simu za video, wewe uko chini kwenye jiwe.

#22 Mama Junia
Kitinda, na mama yako naye angezikwa pale au kwao? Nauliza tu.

#23 Kitinda Mimba
Pale, pembeni ya mzee. Na najua unakoelekea dada, hakuulizwa.

#24 Shosho wa Nyeri
Hamjambo majirani. Shosho (bibi) yangu alikaa Nyeri, mahali ambapo ukigeuka huku ni Mlima Kenya, ukigeuka kule ni milima ya Nyandarua. Wazee wetu walikuwa wakiomba wanauelekea Mlima Kenya, Mungu alikuwa na makao pale. Lakini shosho alikuwa anaangalia upande ule mwingine. Kaka zake waliingia msitu wa Nyandarua na Mau Mau miaka ya hamsini, na wakoloni wakahamisha watu wote kwa vijiji vilivyochimbiwa mitaro wasiwapelekee chakula. Mmoja hakurudi na hakuna aliyejua alizikwa wapi. Shosho alikataa Nairobi, alikataa Nakuru, akisema akirudi atanipata wapi?

Sisi watoto tulidhani anapenda mandhari. Kwa hivyo kabla ya kuandika, uliza babu yako aliacha nani huko juu.

#25 Mjukuu wa Kidia
Aisee. Sijui kama yupo. Wabeba mizigo wa zamani walipotea wengine kwa baridi, hilo alikuwa akiligusa na kubadilisha mada. Hii nayo naiandika kwenye orodha ya kumuuliza shangazi.

#26 Mwika Kwetu
Shosho wa Nyeri pole jirani. Nilikuwa nimejiandaa kukuchokoza kuhusu Kilimanjaro kuwa Kenya, nimeghairi.

#27 Shosho wa Nyeri
Chokoza tu. Iko kwenu, lakini tunaiona vizuri zaidi tukiwa Amboseli. Nyinyi mko chini yake hamuoni kitu, ni mawingu.

#28 Mita kwa Mita
Hapo kasema kweli nusu. Upande wa kusini mara nyingi ukichelewa kuamka umeikosa, mawingu yanapanda kutoka msituni asubuhi hiyo hiyo, jioni kunafunuka tena kidogo. Mzee kuamka alfajiri kutazama ni akili kabisa.

#29 Muscat Tena
Assalaam alaykum. Marehemu babu yangu mie alizaliwa Jabal Akhdar huku Oman, akenda Unguja kijana, akauza duka miaka chungu nzima. Akarejea baada ya 1970. Wanawe wakamjengea nyumba Muscat, hakukaa. Akapanda kwa mawaridi na makomamanga yake, huko karibu mita 2,000, na kila aendae kumtazama humpokea kwa habari za maji tu. Nilivyoona #18 anataja mfongo nikacheka peke yangu, maana kule mfereji wa maji ni falaj, na zamu za maji ndizo siasa zao.

Sasa Nesi na Mita, huyu mwamweka wapi? Joto la Unguja alilizoea na homa zake aliziugua akapona. Na cheo alikuwa nacho Unguja, kule jabali walikuwa hawamjui tena, rika lake limekwisha.

#30 Nesi wa Zamani
Huyo alirudi alikozaliwa. Watu wengi hurudi, wa bondeni na wa visiwani.

#31 Wa Kahama
Ndiyo nilichosema.

#32 Kitinda Mimba
Ni nilichosema mimi.

#33 Muscat Tena
Alizaliwa Nizwa kwa wajomba, chini. Jabali alipelekwa mtoto.

#34 Konda Mstaafu
Lakini post #29 umesema alizaliwa Jabal Akhdar.

#35 Muscat Tena
Wenyewe husema hivyo, mtu huzaliwa alipoanza kukumbuka. Msinishike shati.

#36 Mjukuu wa Kidia
Nimekumbuka jingine. Babu alikuwa na ugomvi na barafu. Alisema pale alipopita kijana kukiwa na barafu leo ni mawe, na alikuwa anaongea hivyo kwa namna ya mtu aliyedhulumiwa. Akilaumu wakata mbao.

#37 Mita kwa Mita
Kwa barafu hakukosea. Vipimo vinaonyesha kati ya 1912 na 2011 imepungua kwa kama asilimia 85. Kwa nini, ndipo wataalamu wanapogombana. Wapo wanaolipa uzito joto la dunia. Wapo wanaosema ukame ulianza mwishoni mwa karne ya 19, theluji mpya ikapungua, na jua linaila barafu moja kwa moja hata hewa ikiwa chini ya sifuri. Kukata msitu nako kunatajwa, ila wengi hawakuweki mbele.

#38 Mgumu
Wataalamu wapande na begi. Mimi nimeona kwa macho pembeni ya njia inavyorudi nyuma.

#39 Mwika Kwetu
Mjukuu, kwenye wasifu usisahau kama alikuwepo 1961 mwenge wa Uhuru ulipopandishwa kileleni. Babu yangu mimi alikuwa kwenye msafara wa Luteni Nyirenda.

#40 Mita kwa Mita
Kila ukoo kuanzia Siha hadi Tarakea una babu aliyepanda na Alexander Nyirenda usiku ule wa Desemba 9. Kwa hesabu hiyo kilele kingejaa kuliko Kariakoo.

#41 Mwika Kwetu
Alibeba kuni hadi Horombo, inahesabika.

#42 Mjukuu wa Kidia
Nimeongea na shangazi. Kuhusu waliopotea juu hakutaka kusema kwenye simu, anasema tuonane. Kuhusu bibi alicheka sana, akasema bibi ndiye aliyekataa kwanza kwenda Dar, miaka ile wote wazima, na babu alikuwa tayari! Alikuwa amepata mtu wa kumtafutia kazi ya ulinzi bandarini. Bibi akasema migomba yake haiachi. Kwa hiyo Mama Junia sijui tena.

Rasimu ya kipande hicho: "Mzee wetu alibeba mizigo ya wageni mlimani tangu kijana na aliijua njia ya Marangu kwa majina ya zamani na mapya. Alikuwa mpole na mpenda amani. Alipohamia Dar es Salaam alirudi kwa hiari yake, akasema kule hakuna pa kutazama. Msitu ulipoungua 2020 alikesha nje."

#43 Mama Junia
Sasa bibi kageuka ndiye mwenye mlima, na kwenye rasimu hayumo. Muweke! Hiyo ya bandarini ndiyo habari yenyewe.

#44 Konda Mstaafu
Ondoa "mpole na mpenda amani". Mtu wa zamu za mfongo na ugomvi wa mipaka hajawahi kuwa mpenda amani. Watu watacheka kanisani.

#45 Wa Kahama
"Kule hakuna pa kutazama" acha ilivyo. Sikubaliani nayo, lakini acha.

#46 Mtae Juu
Mimi naikubali asilimia mia, na baba yangu angesaini.

#47 Nesi wa Zamani
Andika pia alikuwa analala na chandarua au hapana.

#48 Mgumu
Siku ya kujengea kaburi mbege ipo? Nina safari ya Machame inashuka wiki hiyo, naweza kupitia.

#49 Mjukuu wa Kidia
Ipo, baada ya ibada, mchungaji akishaondoka. Karibu mgumu. Mama mdogo ndiye mpishi, anataka kutumia unga wa ulezi wa dukani.

#50 Kitinda Mimba
Wa dukani? Ulezi unaloweshwa, unaoteshwa, unaanikwa, ndipo unasagwa. Unga wa uji hauchachui kitu. Mwambie aanze sasa hivi.

#51 Mwika Kwetu
Na msesewe, lile gome la kutia uchungu, msizidishe, Old Moshi mnapenda kuifanya chungu.

#52 Konda Mstaafu
Chungu ndiyo yenyewe. Mtani nakuja, niwekee ndoo.